Taa ya Arco na kopi yangu
Wasee, Arco ilitoka 1962. Achille na Pier Giacomo Castiglioni, ndugu wawili wa Milan, walitaka taa ining'inie juu ya meza bila kutoboa dari. Wakachora upinde wa chuma unaoshikiliwa na jiwe la marumaru, kilo kama 65. Lile tundu kwa jiwe si urembo: unapitisha mti wa ufagio, watu wawili wanabeba.

Kopi niliyonunua mtandaoni, jiwe nainua na mkono mmoja. Hiyo ningevumilia. Lakini nilipofungua plagi, waya ni mbili tu! Mwili wote chuma, hakuna waya ya kijani na njano ya kupeleka stima ardhini, wala alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, inayoonyesha imekingwa mara mbili. Waya ya moto ikichubuka ndani, unashika volti 240. Sijaichomeka. Namngoja fundi.