Ndugu Wanne wa Lemera

Karatasi ya makubaliano ina tarehe 18 Oktoba 1996 na jina la Lemera, kijiji cha milimani juu ya bonde la Ruzizi, kusini mwa Bukavu. Wanaume wanne waliweka saini zao. Laurent-Désiré Kabila alikuja na chama chake cha PRP, alichokiunda 1967 na kukilea kwa miaka mingi katika milima ya Fizi, huku dhahabu na pembe za ndovu zikivushwa Ziwa Tanganyika ili wapiganaji wake wapate kula. André Kisase Ngandu alileta CNRD na wapiganaji wake. Déogratias Bugera, Mtutsi wa Kivu Kaskazini, aliongoza ADP. Mdogo wao alikuwa Anselme Masasu Nindaga wa MRLZ, mtoto wa Bukavu, baba yake Mshi na mama yake Mtutsi. Vyama vinne vikawa muungano wa AFDL, na adui wao mmoja akawa Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo.

Undugu huo ulifungwa haraka, chini ya macho ya Rwanda iliyotoa silaha na makamanda, na juu ya damu ambayo haijakauka. Tarehe 6 Oktoba hospitali ya Lemera ilikuwa imeshambuliwa na wagonjwa kuuawa vitandani. Mkurugenzi wake, daktari Denis Mukwege, alinusurika. Ndiye aliyekuja kuanzisha hospitali ya Panzi. Tarehe 29 Oktoba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa Bukavu, pale Nyawera, na kesho yake mji ukaanguka.

Kisase ndiye wa kwanza kuondoka. Alikuwa kamanda wa kijeshi wa muungano, na hakuficha kwamba wageni walikuwa wameshika usukani kupita kiasi. Mwanzoni mwa Januari 1997 aliuawa huko Kivu Kaskazini. Kabila, aliyeanza kama msemaji tu, akabaki na siasa na jeshi mkononi. Haijatimia miezi mitatu baada ya saini, mmoja kati ya wanne alikuwa kaburini, na hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Lakini walioamini undugu ule kweli hawakuwa mabwana wakubwa. Walikuwa kadogo: watoto wa Kadutu na Bagira, mitaa ya Bukavu, na wa vijiji vya Kivu yote, waliovishwa mabuti ya mpira yaliyowazidi miguu na kubebeshwa bunduki iliyowafika kifuani. Waliacha madawati ya shule, wakatembea nchi nzima mpaka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500, wakaingia mjini tarehe 17 Mei 1997. Kabila, aliyekuwa sasa rais, walimwita Mzee. Masasu aliyewaandikisha wengi wao walimwona kama kaka. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Watoto hawa jembe walikuwa wamenyang'anywa zamani.

Novemba 1997 Masasu alikamatwa, akituhumiwa kuwa na wanamgambo wake binafsi, akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, Goma na Bukavu zikashikwa na waasi wa RCD, na Bugera akaonekana upande wao, akimpiga vita aliyetia naye saini. Masasu alitolewa gerezani baadaye, akakamatwa tena 2000 kwa tuhuma za kupanga mapinduzi. Mwezi Novemba aliuawa kwa risasi Pweto, kule Katanga. Kadogo wa Kivu nao wakaanza kukamatwa.

Tarehe 16 Januari 2001, Kabila alikuwa ofisini kwake Kinshasa akizungumza na mshauri wake wa uchumi. Mlinzi kijana, Rashidi Kasereka, kadogo aliyetoka Kivu, aliingia akamwinamia kama mtu anayetaka kumnong'oneza jambo sikioni. Akafyatua risasi. Muda mfupi baadaye naye alikuwa maiti, na siri aliyoibeba ikaondoka naye.

Januari 2003 mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu wapatao 30 kwa mauaji hayo, akiwemo Kanali Eddy Kapend, msaidizi wa Kabila. Hukumu hizo hazikutekelezwa. Kapend alitoka gereza la Makala Januari 2021 kwa msamaha wa Rais Félix Tshisekedi, na kesi ile ilifungwa bila kumwambia Mkongomani nani hasa alimtuma kijana yule. Wapo wanaosema ni kisasi cha Masasu, wapo wanaotaja mataifa ya nje. Mimi naona hivi: Mzee aliyewaona watoto wa watu kuwa wanawe, kisha akamwua kaka yao, alikuwa amekwisha kuvunja nyumba yake kabla ya risasi ile.

Kila tarehe 16 Januari nchi nzima hupumzika kumkumbuka Kabila, na ni haki yake. Masasu na Kisase hawana siku. Kadogo waliopotea hawana hata orodha ya majina, wakati baadhi ya mama zao bado wako Kadutu wakiuliza. Serikali ifungue mafaili ya Pweto, na familia zionyeshwe watoto wao walizikwa wapi.