Ruhusa ya Kuingia: Historia ya Viza Afrika Mashariki

Viza ni ruhusa ambayo nchi humpa mgeni kabla hajavuka mpaka wake. Leo mtalii anayekuja Afrika Mashariki huiomba kwa simu au kompyuta: hupakia picha yake na ya ukurasa wa pasipoti, hujaza tarehe za safari na mahali atakapofikia, hulipa kwa kadi, kisha husubiri jibu kwenye barua pepe. Utaratibu huu ni mchanga, lakini ruhusa yenyewe ni ya zamani. Kilichobadilika zaidi ni mahali inapoombwa.

Katika karne ya 19, majahazi yaliyosukumwa na kaskazi yalileta watu kutoka Omani, Hadhramaut na Kutch hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kilichokaguliwa forodhani kilikuwa shehena. Mkataba wa 1839 kati ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na Uingereza, kwa mfano, uliweka ushuru wa asilimia 5. Mgeni mwenyewe alijulikana kupitia mwenyeji aliyempokea, akamdhamini na kumtafutia pa kulala. Aliyetaka kutembea kwingine katika himaya alihitaji neno la mtawala. Mwaka 1844 Sayyid Said alimpa mmisionari Johann Ludwig Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Barua hiyo ilifanya kazi mbili ambazo viza inazifanya hadi leo: ilieleza msafiri ni nani, na ilithibitisha kwamba mwenye mamlaka ameridhia safari yake.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilifanya karatasi kuwa sharti la kila msafiri. Serikali za Ulaya, zikihofia wapelelezi, zilidai pasipoti na viza mipakani, na amani iliporudi sharti hilo halikuondolewa. Mkutano uliofanyika Paris mwaka 1920, chini ya Shirikisho la Mataifa, ulipendekeza muundo mmoja wa kijitabu cha pasipoti. Huko Kenya, katika miaka hiyohiyo, utawala wa kikoloni ulianza kuwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, hati yenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira. Hivyo alama za vidole, ambazo leo huchukuliwa viwanja vya ndege kutambua wasafiri, zilitumika kwanza hapa kumbana kibarua ndani ya nchi yake mwenyewe.

Baada ya uhuru, kila nchi ilijenga idara yake ya uhamiaji. Mtalii aliyehitaji viza alikwenda ubalozini au alituma pasipoti yake kwa posta, akasubiri irudi ikiwa imegongwa muhuri. Palipokosekana ubalozi, pasipoti ilibidi isafiri hadi nchi jirani. Siasa nazo zilikuwa na sauti kubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Kwa miaka hiyo, watalii waliozoea kushukia Nairobi na kuendelea kwa gari hadi Serengeti walikatiwa njia.

Utalii ulipokua, serikali ziliruhusu viza kutolewa mgeni anapowasili. Msafiri alipanga foleni, akalipa kwa dola taslimu, akapewa stika au muhuri. Njia hii iliondoa safari ya ubalozini, ila ilimwachia ofisa dakika chache tu za kumchunguza mtu ambaye tayari ameshafika.

Suluhisho lilianza mbali. Mwaka 1980 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilichapisha viwango vya pasipoti inayosomwa na mashine. Mwaka 1996 Australia, ikijiandaa kwa Olimpiki ya Sydney ya 2000, ilianza kutoa ruhusa isiyo na stika, iliyohifadhiwa kwenye kompyuta na kuonekana na shirika la ndege kabla abiria hajapanda. Marekani ilifanya ruhusa ya aina hiyo kuwa lazima Januari 2009 kwa wageni wasiohitaji viza, na India ilizindua viza ya utalii ya mtandaoni Novemba 2014.

Kenya ilianza mwaka 2015 kupitia mfumo wa eCitizen, Uganda ikafuata mwaka 2016, na Tanzania mwishoni mwa 2018. Kwa serikali, faida ni mbili: taarifa za mgeni hufika kabla yake, na malipo huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya umma. Kwa msafiri, kazi iliyofanywa na karani imemhamia yeye. Herufi moja ikikosewa katika namba ya pasipoti, anaweza kuzuiwa uwanjani. Zimezuka pia tovuti bandia zinazoiga zile rasmi na kutoza ada kubwa zaidi.

Teknolojia haikujibu swali la nani anapaswa kuomba. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya utalii ya dola 100, inayomruhusu mgeni kuzitembelea nchi zote tatu kwa siku 90, lakini Tanzania haikujiunga. Januari 2018 Rwanda ilifungua viza ya mpakani kwa raia wa nchi zote. Januari 2024 Kenya ilifuta viza na kuweka idhini ya kielektroniki ya kusafiri, kwa ada ya dola 30. Raia wa nchi kadhaa za Afrika waliokuwa wakiingia bila viza walijikuta wanatakiwa kuomba na kulipa, jambo lililoleta malalamiko. Mwaka 2025 sharti hilo liliondolewa kwa karibu nchi zote za Afrika, isipokuwa Libya na Somalia.

Kompyuta zimefupisha muda wa kusubiri kutoka wiki hadi siku chache, lakini orodha ya wanaosamehewa huandikwa na serikali. Mfano ulio wazi ni wa majirani: tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, bila fomu ya mtandaoni wala ada. Wepesi huo ulitokana na makubaliano ya viongozi wa nchi hizo.