Epw2wea: Kigeuzi cha takwimu za hali ya hewa

Epw2wea ni programu ndogo inayogeuza faili za hali ya hewa za EPW kuwa WEA, ili zitumiwe na Radiance, programu ya kukadiria mwanga majengoni iliyobuniwa na Greg Ward wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani. Kwa kila saa hubakisha vipimo viwili tu: miale ya jua ya moja kwa moja na ile iliyotawanywa angani.

Kuchuja huko si kazi. Utata umo katika ishara. EPW huandika longitudo za mashariki kuwa chanya, WEA, hasi. Nairobi, takriban 36.8, sharti iwe -36.8, na majira yake, +3, yawe -45, yaani nyuzi 15 kwa saa. Msanidi akisahau longitudo pekee, saa sita mchana kompyuta italiweka jua la Nairobi karibu na upeo wa mashariki, na vipimo vya madirisha vitapotoka.