Mosul na Ninawa, Mji wa Nabii Yunus (A.S.)



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi vijana wetu mlioko mashuleni, leo tunaitembelea Mosul, mji mkubwa wa kaskazini mwa Iraq. Sehemu yake kongwe iko ukingo wa magharibi wa mto Dijla, yaani Tigris. Ukivuka daraja kwenda mashariki, katikati ya nyumba, maduka na barabara za magari, utakuta mabaki ya ukuta uliokuwa na urefu wa kilomita 12 hivi. Humo ndimo ilimokuwa Ninawa.

Jina hilo si geni kwetu. Wafasiri wanatueleza kuwa ndio mji aliotumwa Nabii Yunus (A.S.). Qur'ani Tukufu inataja katika Suratus Saffat, aya ya 147, kuwa watu wake walikuwa laki moja au zaidi, na katika Surat Yunus, aya ya 98, kuwa walipoamini waliondolewa adhabu. Vitabu vya sira navyo vinasimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alipofukuzwa Taif aliletewa zabibu na Addas, mtumwa Mkristo. Alipojua kuwa kijana huyo katoka Ninawa, akamtajia Yunus, ndugu yake katika utume.

Ninawa ilikuwa makao ya wafalme wa Ashuri. Sennacherib, aliyetawala mwaka 705 hadi 681 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa (A.S.), aliipanua na kuijengea kuta. Mjukuu wake Ashurbanipal alikusanya maktaba ya vibao vya udongo. Vibao na vipande zaidi ya 30,000 viko London hadi leo. Mwaka 612 K.K. mji ukaangushwa na Wababeli na Wamedi.

Waislamu walifika huko zama za Sayyidna Umar (R.A.). Juu ya kilima kimoja cha Ninawa ukaja kusimama msikiti wa Nabii Yunus. Kwa heshima ya mahali hapo wachimbaji hawakuruhusiwa kuchimba watakavyo, na jumba la mfalme Esarhaddon likabaki salama chini yake.

Julai 2014 kundi la Daesh liliulipua msikiti huo, kisha likachimba mahandaki kutafuta vitu vya kuuza. Februari 2015 likaonyesha picha za kuvunja sanamu katika makumbusho ya Mosul, na Juni 2017 likaangusha mnara wa al-Hadba wa msikiti wa al-Nuri, uliodumu tangu karne ya 12. Waliofanya hayo walijiita watetezi wa Uislamu!

Tujiulize, je, masahaba hawakuijua dini? Waliyakuta magofu ya kale katika nchi nyingi wakayaacha, na Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tuone mwisho wa waliotutangulia. Tutaona nini ikiwa kila kitu kimesagwa?

Alhamdulillah, mji ulikombolewa Julai 2017. Mnara wa al-Hadba umejengwa upya kwa juhudi za UNESCO, Falme za Kiarabu na Wairaq wenyewe. Mwaka 2022, walipokuwa wakitengeneza lango la Mashki, wachimbaji walikuta mawe yenye michoro ya zama za Sennacherib.

Wazazi, wasimulieni watoto kisa cha Nabii Yunus mkiwa na ramani mkononi, wajue kuwa visa vya Mitume vilitokea juu ya ardhi hii hii.

Wabillahi tawfiq.