Safu ya Lugha: Serumu si damu

Kuanzia Bukavu hadi Bunyakiri, mashariki mwa Kongo, mgonjwa aliyetundikiwa chupa "amewekewa serumu". Neno ni zuri. Kosa ni kuiita damu. Asili ya neno "serumu" ni Kilatini, lenye maana ya maji yanayojitenga maziwa yakiganda, nasi tumelipata kwa Kifaransa. Serumu ya chumvi ina gramu 9 za chumvi kwa lita: hujaza mishipa, lakini haibebi oksijeni, na kwa aliyejeruhiwa pafu, ikizidi huweza kulowesha mapafu. "Kuongezewa damu" tuwaachie waliopewa damu ya mtu. "Damu bandia" nayo ni kitu kingine kabisa, kama Hemopure, iliyotengenezwa kwa himoglobini ya ng'ombe na kuidhinishwa Afrika Kusini mwaka 2001. Muuguzi akiomba damu, ndugu watafute mchangiaji, wasikimbilie chupa ya serumu famasi.