Dengu za Esau na Mchuzi wa Unyanyembe

Mwalimu afundishaye sura ya 25 ya kitabu cha Mwanzo hufika penye neno dengu, na hapo darasa hugawanyika. Kijana wa Shinyanga adhani Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa zile punje nene zipandwazo mbugani, katika udongo mweusi, mvua zikiisha. Aliyelelewa Kenya huona choroko za kijani, kwani huko ndizo ziitwazo ndengu. Mtu wa Unguja husema, "Hizo ni adesi," naye ndiye aliye karibu na kweli. Kwa Kiebrania mbegu hiyo huitwa adashim, kwa Kiarabu adas, maneno ya ukoo mmoja.

Wala tusiwalaumu wafasiri. Kamusi za zamani za pwani zaeleza ya kuwa dengu ni jamii ya kunde ndogo zilizoletwa zikiwa kavu kutoka Bara Hindi. Naona basi ya kuwa neno hilo lilikuwa jina la bidhaa ya merikebuni kabla ya kuwa jina la mmea wa shambani. Na neno la namna hiyo, likisafiri, hushika lolote linalofanana nalo.

Nalo lilikuwa na njia ndefu ya kusafiri. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, waliwakuta Waarabu wa Omani wamekwisha kujenga nyumba na bustani. Snay bin Amir ndiye aliyewakaribisha. Waarabu hao walipenda vyakula vya kwao. Lakini msafara haukuishi kwa vyakula vya tajiri. Mpagazi, naye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, alipewa posho ya nafaka kwa kibaba, na kitoweo alijitafutia: kunde, njugu mawe, majani, karanga. Chumvi njema ilitoka Uvinza, katika chemchemi za maji ya chumvi. Tukiwasifu wenye misafara tu, twasahau mashamba yaliyowalisha.

Chungu chenyewe chatueleza habari hizo. Adesi na bizari ni maneno ya Kiarabu. Karanga na nyanya asili yake ni Amerika. Kunde ni ya Afrika hii. Bizari kwa asili yahusu mbegu, lakini sisi twasema pia bizari ya manjano, nayo ni mzizi! Hapo jina limeiacha asili yake, kama lilivyofanya dengu.

Atakaye kuupika mchuzi huu pasipo nyama wala samli, siku za Kwaresima au siku yoyote, achague vikombe viwili vya adesi, atoe mawe, azioshe mpaka maji yawe safi. Akaange vitunguu kwa mafuta ya karanga mpaka viwe vyekundu, bila haraka, kwani utamu wote huanza hapo. Kisha thomu na tangawizi zilizopondwa, bizari nyembamba, giligilani, manjano kidogo na pilipili. Viungo vikinukia, atie nyanya; zikilainika, atie adesi na maji vikombe vinane. Pwani wangetia tui; Tabora nazi ni ya kununua kutoka mbali, nami napenda zaidi karanga zilizotwangwa, mkono mmoja, zikorogwe na maji kwanza zisifanye madonge. Chumvi itiwe adesi zikiisha kulainika. Mchuzi uwe mzito, ushike tonge la ugali.

Limebaki neno la rangi, kwani Esau aliomba chakula chekundu. Adesi zilizokobolewa, zile nyekundu za dukani, zikichemka hugeuka manjano, na wanafunzi watacheka. Mwalimu atafute zile zenye maganda, za rangi ya udongo. Hizo huiva saa nzima au karibu, nazo hutoa mchuzi wa hudhurungi yenye wekundu, kama barabara ya Kipalapala baada ya mvua.