Veli, mkuki wa Murugan: silaha ambayo Watamili huiita elimu

Kila mwaka, kati ya Januari na Februari, huzunguka kwenye simu zetu picha za umati wa watu wamevaa manjano, wengine wametobolewa mashavu na ulimi kwa vijichuma, wanapanda ngazi ndefu kuelekea pangoni. Nyuma yao pamesimama sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu iliyoshika mkuki. Picha hizo mara nyingi huja na maneno ya kejeli, na aghalabu aliyeziandikia hajui ni wapi, ni akina nani wala wanafanya nini. Ni Batu Caves, karibu na Kuala Lumpur nchini Malaysia. Sikukuu ni Thaipusam. Na mkuki ule ndio kiini cha mambo yote.

Sisi wa Pwani tunawajua Wahindu, tumeishi nao mtaa kwa mtaa. Lakini wengi wa Mombasa asili yao ni Gujarat na Kutch, na kwa sababu hiyo silaha za miungu tulizozoea kuziona ni mkuki wa meno matatu wa Shiva na kile kisahani kinachozunguka kwenye kidole cha Vishnu. Mkuki wa picha hizi ni wa Wahindu wa kusini, Watamili, na jina lake kwa Kitamili ni vel. Kwa ulimi wetu tuseme veli. Ni mkuki mmoja tu, mti mrefu, na kichwa chake ni bapa pana mfano wa jani, lililochongoka mwisho.

Mwenye mkuki huo ni Murugan. Majina mengine ni Skanda, Kartikeya na Subrahmanya. Ni mtoto wa Shiva na Parvati, ndugu wa Ganesha mwenye kichwa cha tembo ambaye kila mtu Mombasa anamjua. Kaskazini mwa India Murugan hana ufuasi mkubwa kama huo. Kwa Watamili yeye ndiye mungu wa nyumbani, kijana mzuri wa sura, mwenye kukaa milimani. Ushairi wao wa kale kabisa, wa karne za mwanzo baada ya Nabii Issa, unamtaja pamoja na kuhani wake aliyeitwa velan, yaani mshika veli. Msichana akikonda na kukosa usingizi kwa ajili ya mapenzi, mamake alimwita velan, naye akacheza ngoma na kutamka kwamba binti ameshikwa na Murugan. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi, mambo ya aina hiyo tunayajua.

Sasa kisa chenyewe. Jitu moja liitwalo Surapadman, pamoja na ndugu zake wawili Simhamukhan na Tarakan, walipewa nguvu na Shiva kwa ibada zao nyingi, kisha wakajivuna na kuwatesa miungu wengine. Murugan akatumwa kupigana nao. Kabla ya kuondoka, mama yake Parvati alimpa veli. Hapa pana jambo la kuzingatia: silaha haikutoka kwa baba wala kwa mhunzi, imetoka kwa mama, na Watamili husema ndani yake mna nguvu ya mama huyo, ambayo kwa lugha ya dini yao huitwa shakti. Thaipusam, inayoangukia mwezi mpevu wa mwezi wa Thai, ni kumbukumbu ya siku hiyo ya kukabidhiwa mkuki.

Vita vilimalizikia ufukweni, mahali paitwapo Tiruchendur, ambapo leo pana hekalu kubwa linalopigwa na upepo wa bahari. Ndugu wawili waliuawa. Surapadman, alipoona mambo yamemharibikia, akaingia baharini na kujigeuza mwembe. Murugan akarusha veli, mwembe ukapasuka vipande viwili. Kipande kimoja kikawa tausi, cha pili kikawa jogoo. Murugan akampanda tausi, na jogoo akamweka kwenye bendera yake. Ndiyo maana katika kila picha utawaona ndege hao wawili karibu naye.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande kizito kuliko vyote katika kisa hiki. Katika hadithi nyingi za vita adui hukatwa kichwa, watu wakashangilia, basi. Hapa adui anabaki na anapewa kazi. Majivuno yaliyokuwa yanawatesa watu yamekuwa kipando, na sauti iliyokuwa inatisha imekuwa ya kuamsha watu alfajiri. Walimu wa madhehebu ya Shaiva Siddhanta, ambayo ndiyo elimu kuu ya dini kwa Watamili wanaomfuata Shiva, wamelichambua hilo kwa kirefu. Wanasema roho ya mwanadamu imefungwa na uchafu wa aina tatu: umimi, matendo yake ya nyuma yanayomfuata, na udanganyifu wa dunia. Majitu matatu ni hizo pingu tatu, na Surapadman ndiye umimi. Tena wanasema umimi huo hauuawi kabisa. Unachoweza kufanya ni kuupasua na kuutiisha. Kila mwaka, katika mwezi wa Oktoba au Novemba, maelfu kwa maelfu hukusanyika katika ufukwe wa Tiruchendur baada ya mfungo wa siku sita, kutazama vita hivyo vikiigizwa upya.

Na kwa nini mkuki ndio uwe elimu? Jibu wanalotoa liko kwenye umbo lake. Bapa ni pana: elimu iwe pana. Mti ni mrefu: elimu ifike ndani, isiishie juu juu. Ncha ni kali: elimu ipambanue, itenganishe kweli na uongo pale zilipogusana. Huitwa kwa sababu hiyo mkuki wa maarifa. Tena Murugan ana wake wawili, Valli na Devasena, nao pia wamepewa maana: Valli ni nguvu ya kutaka, Devasena ni nguvu ya kutenda, na veli ni nguvu ya kujua. Mtu anayetaka na kutenda bila kujua, kwa mpango huo, anatembea bila silaha.

Neno moja la kwetu linafaa kukumbukwa hapa. Kiswahili cha kale kina fumo, na fumo ni mkuki wenye bapa pana. Ni neno hilo hilo lililokuwa cheo cha wakubwa, kuanzia Fumo Liongo hadi Fumo Madi na Fumo Luti wa Pate. Mkuki na utawala vilikuwa neno moja. Sisemi kwamba pana uhusiano na Watamili; nasema tu kwamba mkuki kuwa zaidi ya mkuki si jambo geni kwetu. Khatibu wa Ijumaa naye hupanda mimbari ameshika fimbo, na vitabu vya Kishafii vinataja hata upanga, wala hakuna anayedhani anakwenda kumpiga mtu.

Tofauti, na ni tofauti kubwa ambayo Mwislamu hawezi kuipita kimya, ni kwamba fimbo ya khatibu haiombwi. Veli inaombwa. Katika hekalu la Nallur mjini Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, kinachokaa ndani kabisa, mahali ambapo pengine pangewekwa sanamu ya Murugan, ni veli. Huko na kwingineko huogeshwa kwa maziwa, hupakwa liwa na manjano, huvishwa maua, huchorwa mistari mitatu ya jivu, na wakati mwingine huchomekwa ndimu kwenye ncha yake. Kuna utenzi maarufu wa Kitamili, Kanda Shasti Kavasam, ambao jina lake lina maana ya deraya; msomaji wake huutaja mwili wake kiungo baada ya kiungo, akiomba veli ikilinde kila kimoja. Wenye kusoma kinga kabla ya kulala wataelewa haja inayomsukuma mtu huyo, ijapokuwa anayeombwa si mmoja. Kueleza imani ya jirani si kuifuata, na kuificha tofauti si adabu.

Imani hiyo imeingia hadi kwenye majina. Ukikutana na Mtamili anayeitwa Velu, Vadivelu, Shaktivel, Kumaravel, Palanivel au Velupillai, umekutana na mkuki huu.

Turudi kwenye mashavu yaliyotobolewa, maana ndiyo yanayowashtua watu. Anayefanya hivyo aghalabu ametimiza nadhiri: mtoto alikuwa mgonjwa akapona, mtihani ulipita, kazi ilipatikana. Hufunga kwa siku nyingi, wengi hutaja 48, hali nyama, halewi, halali na mkewe, na mara nyingi hulala chini. Siku ikifika hubeba kavadi, mzigo wa upinde wa mbao au chuma uliopambwa kwa manyoya ya tausi, akiwa peku. Wapo wanaobeba chungu cha maziwa kichwani tu, na hao ni wengi zaidi kuliko wale wa kwenye picha. Kijichuma kinachopita ulimini kina umbo la veli ndogo. Maana yake ni kwamba amefunga mdomo. Maneno yamekwisha, imebaki nia. Damu huwa kidogo au haionekani. Anayedhani hayo ni ya Wahindu peke yao aulize habari za ratibu ya Rifai kwa Waislamu wa Cape Town, ambako watu hujichoma vyuma na kujipiga panga huku dufu zikilia. Wanazuoni wamelizozania hilo vya kutosha, nami si mahali pangu kuhukumu.

Batu Caves yenyewe haikuanza kama mahali pa Wahindu. Ni mapango ya chokaa. Mfanyabiashara wa Kitamili, K. Thamboosamy Pillai, aliutazama mlango wa pango kuu akaona umbo la veli, akaanzisha ibada hapo, na Thaipusam imesherehekewa pangoni tangu mwaka 1892. Ngazi ni 272. Sanamu ya nje, yenye urefu wa mita 42.7, ilikamilika mwaka 2006. Walioipanda milima hiyo kwa vizazi ni watoto na wajukuu wa vibarua wa mashamba ya mpira waliochukuliwa na Waingereza, kama walivyochukuliwa wenzao kwenda mashamba ya miwa ya Mauritius na Natal, ambako Watamili walianza kuteremka Durban mwaka 1860. Hawakuwa na mali. Veli ilikuwa rahisi kuibeba kuliko hekalu. Leo Thaipusam ni siku ya mapumziko ya taifa nchini Mauritius.

Kinachonitia wasiwasi ni kinachofanywa na mkuki huu India yenyewe. Novemba 2020 chama cha BJP kilianzisha msafara wa kisiasa katika jimbo la Tamil Nadu, kikauita msafara wa veli, ingawa serikali ya jimbo ilikuwa imeukataza kwa sababu ya korona. Januari 2021 serikali hiyo hiyo ikatangaza Thaipusam kuwa siku ya mapumziko. Mwezi huo huo kiongozi wa upinzani, M. K. Stalin, ambaye chama chake kimetokana na harakati za watu wasioamini miungu, akapigwa picha ameshika veli ya fedha. Uchaguzi ulikuwa Aprili. Wapwani wanaowaona wanasiasa wa bara wakivaa kofia ya vito na kanzu kila baada ya miaka mitano hawatashangaa.

Mchezo huo una gharama. Moja ya mahekalu sita makuu ya Murugan liko Thiruparankundram, pembeni mwa mji wa Madurai, limechongwa kwenye mwamba chini ya kilima. Juu ya kilima hicho hicho lipo kaburi la walii wa Kiislamu, Sikandar Badusha, linalozuriwa na watu. Mwanzoni mwa 2025 kulizuka mvutano kuhusu kuchinja wanyama huko juu, na makundi yakaandamana mjini Madurai wakidai kilima chote ni cha Murugan. Mwisho wa mwaka huo ugomvi ulihamia kwenye taa ya sikukuu: iwashwe wapi, karibu na kaburi au mbali nalo, na majaji wa Madurai wakaingizwa katika suala hilo. Mkuki unaosemwa kwamba ni wa kupasua umimi umeelekezwa kwa jirani aliyeko ngazi chache juu.

Sri Lanka kusini, mahali paitwapo Kataragama, mambo ni mengine, licha ya nchi hiyo kupita vita vya miaka 26. Wahindu huja hapo kwa Murugan, wengine kwa miguu kutoka kaskazini, mwendo wa wiki kadhaa. Mabudha wa Kisinhala wanamheshimu mungu huyo huyo kwa jina la Kataragama. Waislamu wana msikiti wao hapo, na wengi huamini kwamba Nabii Khidhri alipita mahali hapo. Wote huoga katika mto mmoja, Menik Ganga. Hekaluni hakuna sanamu inayoonyeshwa. Lipo pazia, na nyuma yake kisanduku ambacho watu hawakifunui. Usiku wa sikukuu, Julai au Agosti, kisanduku hicho hupandishwa mgongoni mwa tembo na kupelekwa hadi hekalu dogo la Valli, mwisho wa njia. Msikiti uko hapo pembeni, ukuta kwa ukuta na nyumba ya Valli.